Picha inasema kansa ya ubongo, kumbe ni mailini imeliwa: mambo ya kuuliza kabla ya kukubali mionzi

Dokta wa Picha (mwanzisha uzi)

Wanabodi, habari za wakati huu.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo linaloniuma katika kazi yangu ya kusoma picha za ubongo. Mgonjwa analetwa na ndugu zake, mkono mmoja umelegea, maneno hayatoki sawasawa, pengine ameanguka kifafa kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima. Anapigwa MRI, ile picha ya sumaku. Linaonekana bonge kubwa, limezungukwa na majimaji, na baada ya dawa ya kontrasti ukingo wake unang'aa. Majibu yanatoka: uvimbe wa ubongo, inaelekea ni glioma kali, yaani kansa inayoanzia kwenye ubongo wenyewe. Kuanzia hapo familia inauza kiwanja, na wengine wanaanza kupanga mambo ya msiba mgonjwa akiwa bado anakula mwenyewe.

Wengi wa hao wana uvimbe kweli, na hilo nalisema mapema. Lakini wapo wachache ambao lile bonge si kansa. Ni kinga ya mwili iliyogeuka na kuishambulia mailini, yaani ule utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Plastiki ikibanduka, waya kwa sehemu kubwa bado upo. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii anaweza kurudi akatembea na kuongea vizuri. Ukimkata sehemu kubwa ya ubongo, au ukampeleka kwenye mionzi, unaharibu hata zile nyuzi zilizokuwa zimesalimika. Zipo ripoti za wagonjwa waliopigwa mionzi kwa kudhaniwa wana glioma, wakazidi kudhoofika, na baadaye ikajulikana ilikuwa mailini.

Ugonjwa wa MS ni ule ambao kinga huishambulia mailini ya ubongo na uti wa mgongo, na madoa yake ya kawaida ni ya milimita chache. Haya ninayoyasema yana upana wa zaidi ya sentimita 2. Ni nadra: hukadiriwa kwa mgonjwa 1 au 2 katika kila wagonjwa 1,000 wa MS. Utafiti unaotegemewa sana ni wa Claudia Lucchinetti na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, uliotoka mwaka 2008 kwenye jarida la Brain. Walikusanya wagonjwa 168 ambao kinyama cha ubongo (kipande kinachochukuliwa kupimwa) kilishathibitisha kuwa ni mailini iliyoliwa. Nusu yao walianza kuumwa kabla au karibu na umri wa miaka 37. Doa kubwa kwa kawaida lilikuwa kama sentimita 4, na kuna lililofika 12. Hilo la 12 nani angeliangalia na kusema si kansa? Na asilimia 61 hawakuwahi kuugua chochote cha neva kabla ya hapo, kwa hiyo kumuuliza mgonjwa kama ana historia ya MS hakutoshi.

Karibuni tujadili. Wenye maswali waulize, nitajibu ninachokijua.

---

Mpemba wa Bara

Shikamoo dokta. Somo zito, ahsante. Sasa mtu akiwa ameshika picha mkononi, hiyo tofauti inaonekana wapi? Au ni mpaka kichwa kipasuliwe?

---

Dokta wa Picha

Marahaba mkuu. Kuna dalili kadhaa, na hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Ya kwanza ni duara lililo wazi. Dawa ya kontrasti huvuja pale ambapo kuta za mishipa midogo ya damu zimelegea. Kwenye glioma kali, katikati kunakuwa kumeoza na ukingo unang'aa kuzunguka kote, mnene, umekunjamana ovyo. Kwenye mailini, ule ukingo unaong'aa ndio mstari wa mbele wa mashambulizi, unasonga kuingia sehemu nyeupe ya ubongo. Upande unaogusa sehemu ya kijivu mara nyingi haung'ai. Unapata umbo la herufi C, mdomo wake umeelekea kwenye kijivu. Joseph Masdeu na wenzake waliliandikia hili mwaka 2000 kwenye jarida la Neurology, kwamba duara la namna hiyo ni dalili yenye uzito mkubwa ya mailini kuliko uvimbe. Tatizo ni kwamba si wagonjwa wote wanalo, na uvimbe au usaha navyo mara mojamoja huwa na ukingo uliokatika.

Ya pili ni bonge kuwa kubwa huku halisukumi ubongo kwa kiasi ambacho ungetegemea. Unaona kitu cha sentimita 5 lakini mstari wa katikati haujahama sana. Hii inakufanya urudie kuangalia mara mbili.

Ya tatu ndiyo ninayotaka muishike, maana haihitaji mashine ya ajabu: CT (picha ya eksirei inayokata kichwa vipande) ya bila dawa. Glioma kali, na limfoma (kansa ya seli za kinga) zaidi, zimejaa seli zilizobanana. Kwa hiyo lile eneo linalong'aa kwenye MRI, ukilitafuta kwenye CT ya kawaida, linakuwa la kijivu kama ubongo wa kando yake au jeupe zaidi. Mailini ikiondoka, maji huchukua nafasi yake, na eneo lile lile kwenye CT linakuwa jeusi. Madaktari wa Korea walilipima hili, wakachapisha kwenye jarida la Radiology mwaka 2009: kusoma MRI peke yake kulitoa jibu sahihi kwa asilimia 73, na walipoongeza CT ya bila dawa ikapanda hadi 97.

Fikirieni maana yake kwetu. Mgonjwa wetu mara nyingi ameanzia kwenye CT huko mkoani, ndipo akapewa rufaa ya MRI. Ile CT ya kwanza inabaki kwenye bahasha nyumbani kwa sababu ndugu wanaona imepitwa na kipimo kikubwa. Jamani, njooni nayo! Picha zenyewe, siyo karatasi ya majibu peke yake.

Kwenye vituo vyenye uwezo, kuna MRI ya kupima wingi wa damu inayopita ndani ya bonge. Glioma kali hujijengea mishipa yake, damu inakuwa nyingi. Mailini haifanyi hivyo. Kipimo cha kemia ya ubongo kinachofanywa ndani ya MRI mimi sikitegemei sana hapa, kwa sababu kolini, moja ya kemikali zinazopimwa, hupanda kwenye yote mawili na kimewapotosha wengi. Kipo pia kitu cha kutafuta mshipa mdogo wa vena unaopita katikati ya doa. Vigezo vya McDonald vya kutambua MS vilivyopitiwa upya na kuchapishwa mwaka 2025 vimeuingiza rasmi.

Na msiangalie bonge tu. Kwenye ule utafiti wa watu 168, asilimia 70 walikuwa na madoa zaidi ya moja kwenye MRI ya kabla ya kuchukuliwa kinyama. Jicho la msomaji hushikwa na lile kubwa, hayo madogo pembeni ya vyumba vya maji vya ubongo au kwenye uti wa mgongo yanapita bila kutajwa.

---

Kisu cha Mkoani

Dokta, kwa heshima zote, mimi nafanya kazi wodini na naona uzi huu unaweza kutupoteza. MS ni ugonjwa wa wazungu na nchi za baridi. Huku kwetu mtu akija na duara linalong'aa kichwani, fikiria toksoplasmosi (maambukizi ya vimelea), TB ya ubongo, usaha, mabuu ya tegu wa nguruwe. Tukianza kuwaza mailini tutaacha kutibu vinavyotibika.

---

Dokta wa Picha

Mkuu, hoja yako naichukua kwa mikono miwili, ila nusu yake siikubali.

Ninayoikubali: kwa mgonjwa wetu, kipimo cha VVU kinatangulia kabla hujasema neno mailini. Akiwa na VVU na CD4 (seli za kinga) zimeshuka, toksoplasmosi inatangulia mbele, anaanzishiwa dawa na picha inarudiwa baada ya wiki kama mbili. Ikipungua umepata jibu. Isipopungua, limfoma inapanda juu ya orodha. TB ya ubongo huja na duara lililofunga, na mara nyingi kati yake pana weusi kwenye picha za T2 (aina mojawapo ya picha za MRI), pengine na kifua kinaongea. Usaha una alama yake: kwenye picha za mtawanyiko wa maji unang'aa pale katikati, wakati mailini ikionyesha kitu huwa ni pembezoni. Mabuu ya tegu, katika maeneo yanayofuga nguruwe huria, lazima yawemo kwenye orodha.

Nisiyoikubali ni hiyo ya wazungu. Ni kweli MS hupungua kadiri unavyokaribia ikweta. Kupungua si kutokuwepo. Halafu mailini haishambuliwi na MS peke yake. Kuna ugonjwa wa kingamwili dhidi ya akwaporini 4 (protini inayopitisha maji kwenye seli), zilizotambuliwa mwaka 2004, na huo unawapata watu weusi vizuri tu. Kuna wa kingamwili za MOG (protini ya mailini), ambao hupenda watoto na vijana. Kuna ule unaomkuta mtoto wiki chache baada ya homa ya virusi. Tukisema ni ugonjwa wa wazungu, hatutautafuta. Tusipoutafuta hatutauona, kisha tutaendelea kusema haupo.

---

Dada wa Usambara

Dokta shikamoo. Nimesoma nikitetemeka. Mdogo wangu wa kiume, hajafika thelathini, upande wa kulia ulianza kulegea taratibu kwa muda wa kama wiki mbili. MRI imeandikwa glioma. Hospitali moja walimuanzishia deksamethasoni, na sasa anashika kikombe. Mama anasema amepona, hataki tena habari ya upasuaji. Je, hiyo si ndiyo mailini unayoisema?

---

Dokta wa Picha

Marahaba dada, pole sana na umfikishie mama pole zangu.

Siwezi kusema mdogo wako ana nini nikiwa hapa. Naweza kukuambia kwa nini kupata nafuu kwa deksamethasoni hakuthibitishi kitu. Dawa hiyo hukausha majimaji yanayozunguka bonge, na majimaji hayo yapo kwenye glioma pia. Mtu mwenye kansa kamili anaweza kuinuka kitandani siku ya tatu akaomba chai.

Kibaya zaidi ni limfoma. Seli zake hufa zikikutana na steroidi, kundi la dawa ambalo deksamethasoni imo. Bonge linaweza kusinyaa hata kutoweka kabisa kwenye picha, kila mtu akashangilia, kisha baada ya miezi likarudi na nguvu. Na kinyama kikichukuliwa wakati limesinyaa, maabara wanakuta mabaki yasiyosomeka. Ndiyo maana pale limfoma inaposhukiwa, madaktari hujitahidi kuchukua kinyama kwanza na steroidi zifuate, isipokuwa ubongo ukiwa umebanwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Hapo uhai unatangulia, hakuna mjadala.

Kwa hiyo fanyeni haya: kamwe msisitishe deksamethasoni ghafla bila daktari. Itafuteni ile CT ya kwanza kama ipo. Ulizeni kama VVU imepimwa. Ombeni picha zisomwe tena na mtu wa pili, ikiwezekana kwenye kikao ambacho mpasuaji wa ubongo, bingwa wa neva, msomaji wa picha na mtu wa patholojia wamekaa pamoja. Kuomba hivyo si kumdharau daktari wa kwanza.

Jambo jingine: mtu asikimbilie kumchoma sindano ya mgongoni kutafuta maji ya uti wa mgongo kabla picha haijaangaliwa kwa jicho hilo. Bonge likiwa linasukuma, kutoa maji chini kunaweza kuufanya ubongo ushuke na kujibana. Maji yale yana faida, hutafutwa mistari ya kingamwili ambayo ipo kwa wagonjwa wengi wa MS, lakini yana wakati wake.

---

Hadubini

Wakuu, naomba niingie hapa, mimi niko upande wa patholojia, tunaopima vinyama maabara. Watu wanadhani kinyama kikifika kwetu ndio mwisho wa ubishi. Kwenye ugonjwa huu, hata hadubini hudanganya.

Mailini ikishambuliwa, seli za astrosaiti, zile zinazozitegemeza neva, hukasirika. Zinanenepa, zinaongezeka, nyingine viini vyao vinavunjika vipande vipande hadi vinafanana na seli inayogawanyika. Hizo huitwa seli za Creutzfeldt. Ukiongeza na umati wa seli nyingine zilizojazana, msomaji aliyeambiwa "uvimbe wa ubongo" anaiona glioma aliyoambiwa. Hatari ni kubwa zaidi kwenye usomaji wa haraka, ule wa kinyama kilichogandishwa huku mgonjwa yuko mezani, kwa sababu mafuta ya seli hayaonekani vizuri na mpasuaji anasubiri jibu aamue akate zaidi au afunge.

Kinachotuokoa ni makrofaji. Ni seli za kusafisha, zimejaa povu kwa sababu zimekula mabaki ya mailini. Zikijaa kwenye kinyama cha mtu ambaye hajapigwa mionzi, hana kiharusi na hajapewa tiba ya kansa, breki inatakiwa ikanyagwe. Rangi ya CD68 inazitoa wazi zile ambazo kwenye rangi ya kawaida zinajificha kama seli za uvimbe. Kisha tunapaka rangi ya mailini, Luxol, tuone imeondoka wapi, na rangi ya neurofilamenti tuone nyuzi zimebaki. Mailini imekwenda, nyuzi zipo, mpaka umekatika wazi, limfosaiti (seli nyeupe za kinga) zimezunguka mishipa ya damu: hiyo ni picha ya mailini iliyoshambuliwa. Upande wa pili kuna rangi ya IDH1, inayotafuta mabadiliko ya jeni yaliyo kwenye baadhi ya glioma. Ikishika, ni glioma, hakuna mazungumzo. Isiposhika usishangilie, kwa sababu glioblastoma, glioma kali kuliko zote, zenyewe hazina mabadiliko hayo.

Sasa ombi langu kwa wapasuaji na ndugu wa wagonjwa. Karatasi ya maombi inatufikia ikiwa na maneno mawili tu, "uvimbe ubongo". Hatuambiwi umri, hatuambiwi dalili zilianza lini, wala kama picha ilikuwa na duara lililo wazi, wala kama mgonjwa yuko kwenye steroidi. Mkituandikia mistari mitatu tu, tutajua rangi zipi za kuagiza. Na kinyama kiwe na ule ukingo unaong'aa, siyo katikati peke yake palipooza.

---

Dokta wa Picha

Hadubini, ubarikiwe. Bandiko hili lako ningependa kila idara ya upasuaji ilibandike ukutani.

---

Mkenya Minnesota

Salamu kutoka huku. Mimi ni mmoja wa hao. Nilipoteza nusu ya uwanja wa kuona na nikaambiwa ni tumor, hadi biopsi (kinyama kilichochukuliwa) ikasema ni mailini. Nilitundikiwa steroidi ya methylprednisolone gramu 1 kila siku kwa siku tano. Sikupata nafuu ya kutosha, wakanifanyia kubadilisha plazma, damu inatolewa, maji yake yenye kingamwili yanawekwa kando, unarudishiwa seli zako. Hapo ndipo nikaanza kuona tena. Leo niko kwenye rituximab, dawa ya kutuliza kinga. Daktari wangu aliniambia tembe za fingolimod si zangu, kwa sababu kuna wagonjwa wa MS waliopata mabonge kama haya wakiwa wanazitumia. Dada wa Usambara, usikate tamaa, na usikubali haraka pia.

---

Tabibu Asilia

Si mnaona sasa? Dokta mwenyewe amekiri si kansa. Huyo kijana atolewe hospitali, nina dawa ya mizizi, siku arobaini bonge linayeyuka. Nimemtumia dada ujumbe wa faragha.

---

Dokta wa Picha

Sijasema hivyo mahali popote, na usitumie maneno yangu kufanyia biashara kwa familia iliyo kwenye mtihani.

Dada wa Usambara, sikiliza. Kati ya watu wanaoambiwa wana glioma kwenye MRI, walio wengi wanayo. Uzi huu haumruhusu mtu kutoroka wodi. Glioma kali ikikosa tiba inahesabika kwa miezi. Mailini nayo ikiachwa inaweza kumlemaza mtu au kumuua, kwani ipo aina kali aliyoieleza Otto Marburg mwaka 1906 inayokwenda mbio. Vyote viwili vinahitaji hospitali, vinatofautiana tiba tu. Pale ambapo picha hazitoi jibu, kinyama kidogo kwa sindano ndiyo njia, na sindano ile ni tofauti kabisa na kufungua kichwa na kuondoa bonge zima.

Msimamizi naomba aliangalie bandiko la huyu bwana.

---

Kisu cha Mkoani

Dokta, nimerudi. Ile nusu uliyoikataa nimeitafakari, nakubaliana na wewe. Swali moja: mgonjwa akithibitishwa ni mailini, akapewa steroidi, bonge likapungua. Tunamruhusu aende zake?

---

Dokta wa Picha

Hapana mkuu, na nashukuru umeuliza. Kuna wagonjwa wachache ambao kinyama cha kwanza kilionyesha mailini iliyoshambuliwa, wakapata nafuu, kisha baada ya miezi ikazuka limfoma. Kwa hiyo anarudiwa MRI baada ya wiki kama sita hadi nane, na tena baadaye kwa utaratibu wa bingwa wa neva. Doa likikua wakati linatakiwa kusinyaa, utambuzi unafunguliwa upya na kinyama kinachukuliwa tena. Pia ndiyo nafasi ya kupima kingamwili za akwaporini 4 na MOG kama hazikupimwa, maana baadhi ya dawa za MS humzidishia mgonjwa wa akwaporini 4. Wale wa Mayo Clinic waliwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka, na asilimia 70 waliishia kuwa na MS kamili. Kwa hiyo mtu huyu ni wa kliniki ya kudumu.

---

Dada wa Usambara

Dokta, mama amekubali. Tumepewa nafasi kwenye kikao cha mabingwa wiki ijayo, na ile CT ya kwanza tumeipata kwa shemeji. VVU imepimwa, hana. Tubebe nini kingine?

---

Dokta wa Picha

Mshukuru sana shemeji. Bebeni CD ya MRI yenyewe pamoja na CD au filamu za CT, ziandikwe tarehe. Andika kwenye karatasi siku dalili ya kwanza ilipoanza na jinsi zilivyofuatana, hata zile za zamani mlizozipuuza: jicho kuwa na ukungu kwa wiki kadhaa, ganzi ya miguu, kushindwa kuzuia mkojo. Andika tarehe aliyomeza deksamethasoni ya kwanza, kiasi gani, na kama MRI ilipigwa kabla au baada ya hapo. Hilo watakuuliza mwanzo kabisa. Kama kuna kinyama kilishachukuliwa popote, ombeni bloku za nta zilizohifadhi kinyama hicho, siyo majibu pekee, kwa sababu kwenye bloku hizo Hadubini na wenzake wanaweza kupaka rangi upya.

Na umwambie mpasuaji neno hili kwa adabu: tunaomba mailini iwemo kwenye orodha ya mnayoyafikiria.